Kituo cha zimamoto cha kaunti: nani atalipwa mwaka wa pili?

Swali: "Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara wa soko katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, Kenya. Soko letu limeungua mara mbili. Mara zote mbili gari la zimamoto lilitoka makao makuu ya kaunti, kilomita 50 hivi, likatukuta tunakusanya mabati. Juni tulikwenda kwenye kikao cha bajeti tukaomba kituo chetu wenyewe, tukajibiwa kwamba hakimo kwenye mpango. Dada yangu yuko Minnesota, Marekani. Anasema kule kaunti inaweza kujenga jengo moja la sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti), ambulensi na wapokeaji wa simu za dharura, na pesa zikatokana na bondi, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji. Sisi tunashindwa wapi? Tuanze na nini, na pesa zitoke kwa nani?"

Mwenyekiti, poleni sana wewe na wenzako. Jibu mlilopewa Juni linakatisha tamaa, lakini kisheria lilikuwa sahihi, na nataka mlielewe vizuri kwa sababu humo ndimo mlango wenu ulimo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu pesa za umma kutengewa jambo lililo nje ya mpango. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila kazi ya bajeti yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka sharti ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ile inayoamua kila idara itapata kiasi gani, hufika Februari 28. Makadirio yenyewe ni Aprili 30. Ninyi mlifika Juni, chakula kikipakuliwa. Kilichomo chunguni kilichaguliwa Agosti ya mwaka uliotangulia.

Juu ya hayo yote kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule unaoitwa CIDP, wa miaka 5. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Utafuteni, ni waraka wa umma, msome sehemu ya idara inayoshika zimamoto. Mara nyingi mtakuta mstari kama "kuimarisha huduma za zimamoto na majanga". Mstari mmoja wa namna hiyo unatosha kuwa kigingi cha kufungia mbuzi wenu. Kama haumo kabisa, bunge la kaunti lina uwezo wa kurekebisha mpango huo kwa azimio. Msikubali kuambiwa mngoje mpango wa 2028, maana huo utaandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027 na serikali ambayo hakuna anayeijua leo.

Sasa suala la Minnesota. Kwa dada yako, sherifu ni afisa wa kaunti. Kwetu polisi ni wa Serikali Kuu. Jedwali la Nne la Katiba limeweka polisi upande wa kitaifa, likaweka uzimaji moto na ambulensi upande wa kaunti, na kukabiliana na majanga likakuweka pande zote mbili. Kaunti ikiweka chumba cha polisi katika jengo lake bila makubaliano ya maandishi na Serikali Kuu, itaulizwa. Mnakumbuka Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o alipotoa waraka kuhusu basari, akizitaka kaunti ziwe na makubaliano kama hayo kabla ya kulipia kazi za Serikali Kuu? Jambo lile lilifika mahakamani. Basari ni karo za watoto, na bado zilikwama. Chumba cha polisi hakitapata huruma zaidi.

Hata hivyo msiwaache polisi nje ya mazungumzo. Simu za 999 na 112 hupokelewa na wao. Mtu akipiga 999 kwamba soko linawaka, habari lazima itoke meza ya polisi ifike kwa wazima moto, na hapo ndipo dakika hupotea. Kinachohitajika ni laini ya moja kwa moja kati ya kituo cha polisi na kituo chenu, pamoja na namba moja fupi ya kaunti iliyochorwa kwa rangi kwenye kila lango la soko, shule na kituo cha mafuta. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki ijayo, hakuna jengo linalosubiriwa.

Bondi nayo kwetu ina njia nyembamba. Chini ya kifungu cha 212 cha Katiba, kaunti haikopi bila dhamana ya Serikali Kuu na idhini ya bunge lake. Kwa kituo kimoja cha zimamoto katika mji wa ukubwa wenu, safari hiyo itawamalizia viatu. Iacheni. Ubia na kampuni binafsi pia siupendekezi, kwa sababu mara nyingi mwekezaji hurudishiwa pesa zake na ada za watumiaji, na hakuna atakayesimama langoni kumtoza mtu ambaye nyumba yake inawaka.

Nije kwenye jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mipango ya kaunti moja, ambayo sitaitaja. Tulijenga kituo kizuri. Jiwe la msingi liliwekwa, utepe ukakatwa, gari jekundu likaegeshwa, watu wakapiga picha. Miezi sita baadaye nilipita pale asubuhi moja. Mlinzi alikuwa ameanika nguo kwenye kioo cha gari. Betri ilikuwa imekufa. Dereva mmoja aliyeajiriwa alikuwa amehamishiwa kuendesha lori la taka. Katika karatasi zetu zote za mradi, na mimi mwenyewe nilishiriki kuziandika, hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliosema nani atakaa mle ndani na atalipwa na kifungu gani cha bajeti mwaka wa pili. Nimejuta kwa ajili ya ukurasa ule kuliko kwa kosa lolote katika kazi yangu.

Kwa hiyo tuuandike hapa. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja hufanya kazi saa 40. Kiti kimoja kisichoachwa wazi mchana na usiku kinahitaji watu 4 na ushee. Ukiongeza likizo, ugonjwa na mafunzo, wanakuwa 5. Gari la zimamoto linalotoka na watu 5, yaani dereva, kiongozi na watatu wa mipira, linahitaji watu 25 kwenye orodha ya mishahara. Ambulensi yenye dereva na mhudumu wa dharura inahitaji 10. Meza ya simu 5. Weka mafundi na wakaguzi wa usalama wa moto 5, mmefika 45. Tuseme kwa wastani kila mmoja anagharimu kaunti shilingi 50,000 kwa mwezi. Hizo ni milioni 27 kwa mwaka. Na tuseme jengo lenyewe ni milioni 120. Ndani ya miaka 5 mishahara itakuwa imelipita jengo, na hapo sijataja mafuta, matairi, mipira ya maji wala bima.

Na huko kwenye mishahara ndiko kaunti zimebanwa zaidi. Kanuni za usimamizi wa fedha za 2015 zinaweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimekivuka. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kuwapa jengo kwa furaha, maana jengo linahesabiwa kwenye ile asilimia 30 ya bajeti ambayo sheria inataka iende kwenye maendeleo. Watu 45 ni habari nyingine. Lazima mpango wa ajira uende sambamba na michoro: wangapi wanahamishwa kutoka makao makuu, wangapi wanaajiriwa mwaka wa kwanza, wangapi wa pili. Ninashauri muanze na kikosi cha gari moja, watu 25, kabla ya kuwaza ambulensi. Gari moja lenye watu usiku kucha linazima moto. Magari matatu yenye dereva mmoja ni mapambo.

Mahali pa kujenga pachaguliwe kwa dakika. Chukueni ramani ya mji na vijiji vya jirani. Wekeni alama kwenye masoko, vituo vya mafuta, hospitali, maghala ya gesi, na kila shule yenye bweni. Shule za bweni zisisahauliwe hata kidogo. Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri liliteketea usiku na wavulana 21 wakafa. Kisha mwombeni dereva wa matatu anayeijua barabara aendeshe kutoka kila kiwanja mnachofikiria hadi kwenye kila alama, siku ya soko saa tano asubuhi, mwandike dakika. Mtashangaa. Kiwanja kilicho katikati ya mji karibu na ofisi za kaunti mara nyingi ndicho kibaya zaidi, kwa sababu siku ya soko hata mkokoteni haupiti. Kiwanja cha pembeni, kwenye njia panda ya lami, kinaweza kufika kila mahali upesi.

Kabla hamjakipenda kiwanja hicho, ulizeni hati. Viwanja vya umma vina historia mnayoijua. Nataka mwone kwa macho yenu ramani ya upimaji, barua ya kutengwa kwa ajili ya zimamoto, na mawe ya mipaka chini ardhini. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba yake, kwa hiyo uthibitisho upatikane huko pia. Jengo likianza juu ya ardhi yenye mgogoro, amri ya mahakama itakuja wiki ambayo zege limemwagwa.

Maji sasa, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii kabisa. Gari la lita 5,000 likifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, limekauka baada ya dakika 10. Mipira miwili, dakika 5. Baada ya hapo wazima moto hawana cha kufanya, nao wananchi huanza kuwarushia mawe wakisema wamekuja bila maji. Walikuja nayo, yakaisha. Niliwahi kutembea mji mmoja na fundi wa kampuni ya maji, mkononi ana ramani ya zamani iliyokunjika mpaka imetoboka, tukitafuta vile vichwa vya bomba la zimamoto vilivyo kando ya barabara. Kimoja tulikikuta chini ya lami mpya. Kingine kilikuwa ndani ya kibanda cha kuuza chipsi, mama ameweka ndoo ya viazi juu ya kifuniko. Kile kilichokuwa wazi, tulipokifungua, kilitoa upepo. Kampuni za maji nyingi ni mali ya kaunti zenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya mradi huu kukosa kifungu cha kufufua vichwa hivyo, kuchimba kisima kiwanjani, na kujenga tangi la chini ambalo gari linajazwa kwa dakika chache hata umeme ukipotea. Mkilazimika kuchagua kati ya ghorofa ya ofisi na tangi, chagueni tangi.

Kuhusu jengo, nisiwachoshe, ila mambo machache huharibika kila mara. Lita 10,000 za maji ni tani 10, na hapo gari lenyewe halijapimwa. Sakafu ya kawaida ya gereji itapasuka. Mhandisi aambiwe uzito wa gari kubwa mtakalowahi kuwa nalo. Milango isipungue mita 4 kwenda juu na mita 4 upana. Gari liingie kwa nyuma na kutokea mbele, lisilazimike kurudi kinyumenyume barabarani. Vyumba vya kulala viwe na sehemu ya wanawake, kwa sababu wamo kikosini na wataongezeka. Na chumba cha kufulia na kuanikia magwanda kiwe mbali na vitanda na jikoni. Mwaka 2022 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliiweka kazi ya uzimaji moto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani. Masizi yale ya plastiki na rangi yanayobaki kwenye koti ni sumu. Kijana aliyeokoa soko lenu asilale kando yake.

Pesa. Chanzo kikubwa ni mgao wa kaunti kutoka hazina ya kitaifa, ambao kwa kaunti zote 47 ulikuwa shilingi bilioni 387.4 katika mwaka wa 2024/25. Jengo lenu likiingia, litaingia hapo, kwenye fungu la maendeleo. Cha pili ni mapato ya kaunti yenyewe. Hapa ninyi wafanyabiashara mna sauti kubwa, maana kaunti nyingi huwatoza ada ya ukaguzi wa usalama wa moto pamoja na leseni ya biashara. Ombeni kwa maandishi mjue ada hiyo ilikusanya kiasi gani katika mji wenu miaka mitatu iliyopita. Pesa hizo haziwezi kukaa mfukoni mwa idara, kwani Katiba inazitaka ziingie kwanza kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Lakini mkionyesha kwamba mnalipa kila mwaka kwa ajili ya usalama wa moto na hakuna gari lililo karibu, hoja yenu ya kupata mishahara ya watu 25 itakuwa imeshika nguvu kuliko hotuba yoyote.

Chanzo cha tatu ni ruzuku zenye masharti. Kama mji wenu una hadhi ya manispaa, muulizeni meneja wa manispaa kuhusu KUSP, mpango wa kusaidia miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Huduma za zimamoto na majanga ni miongoni mwa miradi ambayo pesa hizo zimeruhusiwa kugharamia. Ruzuku hizi zina uzuri wake, kwani zina tarehe na mkaguzi. Ubaya ni kwamba hujenga na kununua, hazilipi mishahara. Mtu akiwaambia pesa zitoke kwenye Mfuko wa Dharura wa kaunti, mkataeni kwa heshima. Mfuko huo ni wa jambo la ghafla lisilotarajiwa, na soko lililoungua mara mbili si la ghafla tena. Magari ya msaada kutoka ng'ambo yapokeeni kwa shukrani, baada ya kuuliza vipuri vyake vinauzwa wapi.

Jengeni kwa awamu, lakini kila awamu iwe inaweza kufanya kazi peke yake. Nimeona awamu ya kwanza ikiwa msingi, ya pili kuta, ya tatu paa. Huo ni mkosi, kwa sababu pesa za hazina huchelewa, mwanakandarasi halipwi, anaondoka, na kuta zinaota majani. Kufikia mwisho wa Juni 2024 kaunti zilikuwa na bili ambazo hazijalipwa za takriban shilingi bilioni 182, sehemu kubwa ikiwa ya Nairobi. Kila mwanakandarasi anayeweka zabuni leo anajua hilo, naye anaongeza bei kwa ajili ya kungoja. Awamu yenu ya kwanza iwe banda la magari mawili, tangi na kisima, chumba cha simu, vyumba vya kulala, vyoo na uzio. Gari na watu waingie hapo. Ofisi, ukumbi wa mafunzo na eneo la ambulensi vije baadaye. Sheria ya ununuzi ya 2015 inakataza kuanza zabuni kabla pesa hazijatengwa, na nyongeza zote za mkataba haziruhusiwi kuipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 25. Kwa hiyo mchoro uliokadiriwa kwa bei ya chini ili upite bungeni utawakwamia katikati. Mkadiriaji wa gharama aandike bei ya kweli, hata kama inaumiza.

Sasa mnachopaswa kufanya. Julai na Agosti kaunti inapaswa kukusanya maoni ya mpango wa mwaka. Msingoje tangazo la gazeti. Mwakilishi wadi wenu aulizwe tarehe. Nendeni na kurasa nne, si zaidi. Ya kwanza ni orodha ya mioto ya miaka 5, tarehe, kilichoungua, saa simu ilipopigwa na saa gari lilipofika. Kaeni na wazee wa soko muiandike, wanakumbuka. Ya pili ni ile ramani yenye dakika. Ya tatu ni kiwanja na uthibitisho wake. Ya nne ni gharama za miaka 5, jengo na watu, zikiwa zimetenganishwa. Wachukueni walimu wakuu wa shule za bweni, mwenye kituo cha mafuta na muuguzi wa zahanati waweke sahihi pamoja nanyi, ili ombi lisiitwe la wenye vibanda.

Mradi ukiandikwa Septemba, pesa za mapema kabisa ni za Julai inayofuata. Najua huo ni muda mrefu kwa watu wanaolala wakinusa moshi, ndiyo maana ile laini ya simu, mafunzo ya vijana 10 wa soko, na vichwa vya bomba vilivyozibwa na lami vishughulikiwe sasa hivi. Wakati huohuo waraka wenu utembee. Chapeni nakala mbili, moja ya karani wa bunge la kaunti na moja yenu. Yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu ndiyo mtakayoinua mkononi Februari, viwango vya idara vitakapokuwa vinagawanywa.